Nyuma Ikitaka Kuwa Mbele

Pilau ilikuwa imeshapakuliwa mara ya pili alipoingia, suruali yake nyeupe hadi magotini. Hata hodi hakupiga. Alisema tu, "Jamani, naomba watu watano."

Kilima cha kuingia kwenye ukumbi wetu hakizidi mita 30, na wakati wa kiangazi watoto wanakipanda kwa baiskeli. Gari lake, Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, viti viwili na paa la turubai, lilifika nusu ya kilima, likagoma, likaanza kurudi kinyumenyume na upandeupande kama kaa. Wanaume watano waliacha sahani zao wakatoka. Waliporudi wakipangusa mikono, mazungumzo ya harusi ya Julai yalikuwa yamekwisha, na mpya yalikuwa yameanza.

Huku ni Umeå, kaskazini mwa Uswidi, mwezi wa Februari. Tunaokutana Jumapili tumetoka Uvira, Kigoma, Moshi, Mombasa na Nakuru, na kinachotuunganisha ni Kiswahili, chakula na malalamiko juu ya giza. Siku hiyo nilipewa uenyekiti kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Hoja ikaandikwa nyuma ya bahasha: "Gari la michezo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halifai kuendeshwa kwenye theluji." Mji ni mdogo, kwa hiyo wasemaji nawataja kwa kazi zao. Maneno yao nimeyapanga na kuyafupisha, lakini ukali wake sikuupunguza.

Msomaji wa Dar au Nairobi asidhani kwamba magari haya ni mageni kwake. Mark II ni hivyohivyo, Hiace ya daladala ni hivyohivyo, na Peugeot 504 ya zamani pia. Injini inakaa mbele, nguvu inapita chini ya tumbo la gari kwa propela hadi kwenye difu, kisha magurudumu ya nyuma yanasukuma. Ya mbele kazi yake ni kukata kona. Kwenye lami kavu mgawanyo huo wa kazi ni raha tupu. Kwenye theluji, ndipo penye mjadala.

NESI: Mwenyekiti, naunga mkono hoja, na sina haja ya kusema mengi kwa sababu kilima kimeshanisemea. Mimi nafanya kazi hospitali. Zamu ya usiku ikianza imeanza, na mgonjwa haulizi kama barabara imekwanguliwa. Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne. Nikikanyaga mafuta, linaondoka. Kaka yangu hapa ana gari la tani moja na kidogo, na nusu ya uzito huo umekaa mbele ambako hausaidii kusukuma chochote. Tumbo lake liko sentimita 13 hivi kutoka ardhini. Ikianguka theluji ya sentimita 20, gari lote linalala juu yake kama mashua iliyopwelewa. Sasa hilo ni gari au ni pambo la uani?

MWENYE GARI: Dada, la tumbo sikupingi. Usiku ikianguka theluji nzito, asubuhi sitoki mpaka greda lipite. Lakini hoja haikusema "theluji nzito", imesema "theluji". Siku nyingi za majira haya tunaendesha juu ya theluji iliyoshindiliwa, ngumu na nyeupe kama sakafu ya chokaa. Huko gari langu linakwenda vizuri. Kosa la leo lilikuwa langu. Nilisimama katikati ya kilima kumpisha mtoto mwenye kigari cha kutelezea, halafu nikaondoka kwa gia ya kwanza na mguu mzito.

FUNDI: Hapo umesema, mwanangu. Gia ya kwanza inamwaga nguvu yote kwa mkupuo, na tairi zinazunguka mahali pamoja. Tairi likizunguka juu ya theluji linaipiga pasi, linaipasha moto, na theluji inakuwa barafu. Umejitengenezea kioo mwenyewe, halafu unalalamika kwamba panateleza. Ondoka kwa gia ya pili, achia klachi polepole, na kilima ukiingie na mwendo ulioupata chini. Katikati ya kilima hapatafutwi mwendo.

MWENYEKITI: Tueleze suala la uzito, Fundi. Nesi amelitaja, na kila mtu amelitikisia kichwa bila kulielewa.

FUNDI: Tairi linashika barabara kwa kadiri linavyokandamizwa. Gari la kawaida linalovuta mbele, injini iko juu ya magurudumu yanayofanya kazi, kwa hiyo kama sehemu sita kati ya kumi za uzito ziko pale pale zinapohitajika. Gari la kijana wetu limegawanywa nusu kwa nusu. Hilo ndilo linalolifanya liwe tamu kwenye kona wakati wa kiangazi, na ndilo linalolinyima nguvu ya kuondoka wakati wa baridi. Porsche 911 ni kisa kingine. Nayo inasukuma nyuma, lakini injini imewekwa nyuma kabisa, juu ya magurudumu yanayosukuma, na kwenye theluji inapanda mlima huku wenzake wanatafuta minyororo. Kwa hiyo mtu akisema "gari la nyuma" hajasema kitu mpaka aseme injini imekaa wapi.

MWENYE GARI: Na Waswidi wenyewe? Volvo 240 ilitengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, na ilikuwa inasukuma nyuma. Nchi nzima ilikwenda kazini, kanisani na leba kwa gari hilo, Januari na Februari, miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyeitisha kikao kama hiki.

FUNDI: Kweli, lakini buti la Volvo lile lilikuwa chumba. Watu waliweka kuni au mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Ni kama konda wa Hiace anapoona tope mbele: "Jamani, wengine sogeeni nyuma!" Fizikia ileile, tofauti ni nauli tu. Buti lako wewe halizidi mkoba wa shule. Na ukiweka mchanga, ufunge. Mfuko wa kilo 40 usiofungwa ukipiga breki unakuwa abiria asiye na mkanda. Tena uzito ule unaokusaidia kuondoka ndio huohuo utakaouvuta mkia kwa nguvu zaidi siku ukikutoka.

Hapo Mzee aliomba nafasi. Alikuja Uswidi ujana wake, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kabla ya hapo alikuwa kijana wa Nakuru aliyesimama kando ya barabara kila Pasaka kuyasubiri magari ya Safari Rally.

MZEE: Binti yangu, na wewe kijana, mnalizungumzia jambo hili kana kwamba limeanza na nyinyi. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari la Uswidi, dereva wa Kenya, magurudumu ya nyuma, masika, udongo mweusi ule unaoganda kwenye tairi mpaka linajaa kama andazi. Shekhar Mehta alishinda 1973 kwa Datsun 240Z, na hiyo ilikuwa gari la michezo hasa, boneti ndefu kama mtumbwi. Na zamu ikaja ya Waswidi kutuletea dereva wao. Björn Waldegård alishinda mbio za Uswidi, za theluji tupu, miaka ya 1968, 1969 na 1970 kwa Porsche 911. Halafu akaja kwetu akashinda Safari ya 1977 kwa Ford Escort, na za 1984 na 1986 kwa Toyota Celica. Magari yote hayo yalisukuma nyuma. Nilikuwa najiuliza: mtu wa barafu amejifunzia wapi tope letu? Mpaka nilipohamia huku na kuendesha Januari yangu ya kwanza ndipo nilipopata jibu. Ni utelezi uleule, umebadili rangi tu.

Watu walipiga makofi. Mwenye gari alikunja mikono kifuani kwa ridhaa, kama mtu aliyeletewa shahidi asiyemtarajia. Lakini Nesi alikuwa ameshainua mkono. Kaka zake, kumbe, ni wapenzi wa mbio za magari, na utotoni alilazimishwa kusikiliza.

NESI: Mzee wangu, shikamoo tena kwa heshima ya historia hiyo. Lakini naomba uimalizie. Februari 1981 Hannu Mikkola alikuja kwenye mbio hizohizo za Uswidi na Audi Quattro, inayovuta kwa magurudumu manne, na akashinda. Je, tangu siku ile hadi leo, kuna gari la nyuma lililowahi kushinda mbio zile tena?

MZEE: (Baada ya kunyamaza kidogo.) Hakuna.

NESI: Basi. Mabingwa wenyewe walipopata chaguo jingine, waliliacha gari la nyuma. Kaka yangu anataka kukishikilia kitu ambacho bingwa amekitupa.

MZEE: Ngoja, binti yangu, usifunge mlango, mguu wangu umo ndani. Safari ilichelewa kubadilika. Quattro zilikuja Kenya, na bado 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona, 1984 Waldegård, 1985 Juha Kankkunen, 1986 Waldegård tena. Yote magari ya nyuma. Ilibidi kungojea 1987 ndipo Mikkola ashinde kwa Audi. Sababu ni kwamba mbio zile za maelfu ya kilomita zilimpa ushindi yule ambaye gari lake halijavunjika na akili yake haijachoka. Kwenye theluji, kushika barabara kulitawala. Kwetu, kustahimili kulitawala. Kwa hiyo kabla hujauliza gari lipi, uliza safari ipi.

Nililiandika neno hilo pembeni ya bahasha. Sikujua bado kwamba ndilo litakalonisaidia mwishoni.

FUNDI: Mwenyekiti, niruhusu niwaudhi wote. Mmekaa nusu saa mnabishania injini na ekseli, na hakuna aliyetaja kitu pekee kinachogusa barabara. Tairi la kiangazi, baridi ikishuka chini ya digrii saba, mpira wake unaanza kuwa mgumu. Ukifika kwenye hasi kumi, umevaa viatu vya mbao. Tairi la theluji mpira wake unabaki laini, na lina vijichane vidogo vingi vinavyoiuma theluji. Tafuteni ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Sheria ya hapa inataka matairi ya namna hiyo kuanzia Desemba mosi hadi Machi 31 barabara zikiwa na hali ya baridi, na mifereji ya tairi isipungue kina cha milimita 3. Ya misumari yanaruhusiwa kuanzia Oktoba mosi. Sasa, kijana, matairi yako ni ya theluji, sawa. Lakini uliyanunua mapana ili gari lipendeze. Kwenye theluji jembamba ndilo linalofaa, kwa sababu linapasua na kushuka chini kutafuta pa kushika. Pana linaelea kama yai.

MWENYE GARI: Nilidhani mapana yanashika zaidi.

FUNDI: Kwenye lami ya Julai. Na wewe, dada, usicheke. Matairi yako niliyapima Ijumaa, milimita 4. Umebakiza moja tu ufike kwenye mpaka wa sheria. Na hayana misumari.

NESI: Lakini linaondoka vizuri!

FUNDI: Hapo ndipo penye mtego, na nilitaka ufikie mwenyewe. Magurudumu manne yanayovuta yanakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari duniani lina breki kwenye magurudumu manne, la kwako, la kwake na la mjomba wangu Mombasa. Tufanye hesabu ya kawaida. Kwenye lami kavu, ukiwa kilomita 50 kwa saa na ukikanyaga breki, gari linasimama baada ya mita 12 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa ni kama mita 40. Kwenye barafu inakaribia mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Na sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 14. Hesabu hiyo haibagui, fowili imo na viti viwili imo. Kinachoibadili ni tairi na mwendo. Punguza mwendo nusu, na umbali wa breki unabaki robo.

MWENYE GARI: Sasa niacheni niseme lililonifanya nilipende gari hili, na si sura yake. Gari langu linasema mapema. Nikitoka tu nyumbani, nikikanyaga mafuta kidogo, nyuma inacheza. Nimeshajua, kabla sijafika hata mwisho wa mtaa, kwamba leo panateleza. Naendesha siku nzima nikiwa na habari hiyo mwilini, kwenye kiti, kwenye makalio, samahani Mzee. Gari linalovuta manne linaondoka kimya, linakwambia "twende, hakuna tatizo", mpaka unafika kwenye mzunguko na kukanyaga breki. Ndipo unapopata habari, na zimechelewa. Dada yangu, mwezi uliopita nani aliingia kwenye lundo la theluji pale kwenye mzunguko wa njia ya uwanja wa ndege? Kichwa mbele, usukani ameukata wote, na gari linakwenda moja kwa moja kama halimsikii?

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nesi naye alicheka, ingawa mwishoni.

NESI: Nilikuwa natoka zamu. Na sikuumia, wala bampa halikupasuka.

FUNDI: Alilolisema kijana ni kweli, lakini lina gharama yake. Gari la nyuma linasema mapema, ila linasema kwa mkia. Hali mbaya kuliko zote ni hii: umeingia kwenye kona, umeogopa, ukaachia mafuta ghafla ukiwa kwenye gia ndogo. Injini inayashika magurudumu ya nyuma peke yake, kama umevuta breki ya mkono. Nyuma inataka kuwa mbele. Dawa yake inajulikana: usikanyage breki kwa hofu, bonyeza klachi, angalia unakotaka kwenda, na mikono ifuate macho. Nyuma ikienda kulia, usukani ugeuke kulia, halafu uurudishe upesi kabla haijakurushia upande wa pili. Inaelezwa kwa pumzi moja, inatendwa kwa nusu sekunde. Magari mapya yana mtambo wa kompyuta unaoshika breki gurudumu mojamoja kulirudisha gari kwenye njia, na mitambo hiyo inajaribiwa huku huku kwetu, kule Arjeplog, juu ya maziwa yaliyoganda. Lakini gari lako ni la zamani, mwanangu. Kompyuta yake ni wewe.

MWANAFUNZI (binti wa miaka 17, aliyekuwa akigawa chai): Naruhusiwa kuuliza?

MWENYEKITI: Uliza, mwanangu.

MWANAFUNZI: Mimi najifunza udereva. Mwakani lazima niende uwanja wa utelezi, ule wanakomwaga maji na mafuta ili tujifunze gari linavyotoka, na bila hiyo sipati leseni. Nilichotaka kujua ni hiki. Nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu, ninunue gari la magurudumu manne lenye matairi yaliyochoka, au gari la kawaida lenye matairi mapya ya theluji?

Kwa mara ya kwanza jioni hiyo ukumbi ulijibu kwa sauti moja. Matairi. Mwenye gari alisema matairi, Fundi alisema matairi, Nesi alisema matairi na kuinamisha macho kwenye kikombe. Mzee aliongeza kwamba hata wale mabingwa aliowataja, kwenye mbio za theluji walivaa matairi membamba yaliyojaa misumari, na kwamba siri ya ushindi wao ilikuwa huko kama ilivyokuwa kwenye mikono yao.

Nilidhani kikao kimekwisha. Lakini Nesi alisimama, na safari hii hakutania.

NESI: Mwenyekiti, nimekubali la matairi. Nimekubali kwamba gari langu linaweza kunidanganya. Lakini kuna jambo ambalo kaka yangu amelisema mwanzoni kabisa, likapita kama si kitu. Amesema, "Ikianguka theluji nzito, sitoki mpaka greda lipite." Sikilizeni hilo vizuri. Yeye anaandika programu za kompyuta. Theluji ikimzuia, anafungua kompyuta jikoni na mshahara unaingia. Mimi siwezi kumbadilisha mgonjwa nguo kwa intaneti. Yule anayeendesha basi la alfajiri hawezi, anayefagia kituo cha treni hawezi, mama anayepika kwenye shule hawezi. Sisi ndio tunaotangulia greda. Kwa hiyo mkiniuliza kama gari la nyuma linaweza kuendeshwa kwenye theluji, nitasema linaweza. Lakini ni gari la mtu mwenye ruhusa ya kubaki nyumbani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye gari alitafuta la kusema, akalikosa, kisha akalipata.

MWENYE GARI: Dada, hilo sikuwahi kulifikiria. Ni kweli. Sikuchagua gari tu, nilichagua na kazi inayoliruhusu. Lakini niruhusu neno moja kwa upande wangu. Baba yangu aliendesha lori kutoka Uvira kwenda Bukavu maisha yake yote, na sikumbuki hata siku moja aliyoendesha kwa furaha. Gari kwake lilikuwa mzigo unaobeba mzigo. Mimi nina saa moja ya jua mchana wa Januari, theluji imeshindiliwa, ziwa limeganda, barabara tupu, na mwendo wangu ni kilomita 40. Gari linacheza kidogo, nalirudisha. Hilo ndilo jambo pekee la majira ya baridi linalonifanya niamke nikiwa na hamu. Mniache nalo.

MZEE: Tumekuachia, kijana. Lakini dada yako akikwambia usiku hawezi kuendesha, umpeleke kazini.

MWENYE GARI: Kwa hili? Kwenye theluji nzito?

MZEE: Kwa la kwake mwenyewe. Wewe si ndiye unayejua kuliendesha?

Sasa ni zamu yangu, maana mwenyekiti lazima afunge. Nimeipima hoja kama ilivyoandikwa kwenye bahasha, na nimeona ina tundu. Inasema gari "halifai", bila kusema halimfai nani. Kwa ushahidi uliotolewa, gari la michezo la magurudumu ya nyuma linaweza kuendeshwa kwenye theluji iliyoshindiliwa likiwa na matairi membamba ya theluji yenye kina, mguu mwepesi na dereva aliyewahi kupoteza mkia mahali palipo wazi na akaujua. Waswidi wamelithibitisha hilo kwa miaka mingi, na madereva wa Safari wamelithibitisha kwenye tope letu. Halifai kwenye theluji inayofika tumboni, na hapo ustadi hauna kazi, kwa sababu hakuna usukani unaoweza kulinyanyua gari juu ya ardhi.

Lakini kilichonibakia kichwani ni lile neno la Mzee, uliza safari ipi, na jinsi Nesi alivyolijibu bila kukusudia. Tunapolinganisha magari huwa tunalinganisha farasi za injini, bei na unywaji wa mafuta. Ni mara chache tunalinganisha ratiba za wenye magari. Watu wawili wanaokaa mtaa mmoja, wenye theluji moja mlangoni, hawaishi majira ya baridi yaleyale. Mmoja anaingoja barabara imfae, mwingine anaikuta ilivyo. Ndiyo maana ushauri wa mpenzi wa magari, hata ukiwa wa kweli kabisa, unaweza kumpotosha mtu wa zamu ya usiku. Na dharau ya mtu wa zamu kwa gari la viti viwili inaweza kumficha asione milimita 4 zilizobaki kwenye matairi yake mwenyewe.

Kura zilipigwa kwa vijiko. Hoja ilianguka kwa kura mbili, na nadhani moja ilikuwa ya Nesi, ingawa hakukiri.

Tulitoka nje saa mbili usiku. Baridi ilikuwa imezidi, hasi 18, na theluji ililia chini ya viatu kama mbao kavu. Fundi alisema hiyo ni heri: barafu ya hasi 18 ina ushikaji zaidi kuliko ile yenye majimaji ya digrii sifuri. Wale watano walikuwa wamelielekeza gari chini ya kilima tangu mchana. Mwenye gari alikwangua vioo vyote, na taa pia, akaingia, akawasha, akaondoka kwa gia ya pili taratibu kiasi kwamba mtoto angeweza kutembea kando yake. Kwenye kona ya chini mkia ulijaribu kutoka, kiasi cha kiganja, na taa nyekundu zikarudi mahali pake.

Nesi aliondoka baada yake. Zamani angemkaribia nyuma na kumwashia taa kubwa za utani. Safari hii alisubiri kwanza mpaka gari dogo likapita nguzo ya taa ya pili, na hata walipofika barabara kuu nafasi kati yao haikupungua. Niliipima kwa macho. Ilikuwa mita 40, labda zaidi.